Mguu wa Mjomba na Matoazi ya Umeme

"Mguu umenikataa," mjomba alituambia, akavua hedifoni na kuziweka juu ya ngoma. "Nakanyaga, nafunga, napiga, na bado inalia tshaaa kama mlango wa basi. Wanangu, tafuteni mtu mwingine."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya usiku wa Kiswahili wa klabu yetu. Mpango ulikuwa mjomba wa mmoja wetu apige dramu katika nyimbo tatu za dansi, pamoja na wanachama wanaopiga gitaa na kinanda. Ujanani alipiga kwenye kumbi za Dar es Salaam (si Sikinde wala Msondo, kama anavyowahi kujitetea kabla hujamuuliza). Dramu alizonazo sasa ni za umeme. Alizinunua zikiwa zimetumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Siku ile hakutaka kujitoa tu, alitaka kuziuza kabisa, na bei alikuwa ameshaitaja.

Makala haya yalikusudiwa kuwa ya dansi. Yamegeuka kuwa ya kanyagio moja.

Mjomba anakaa Al-Shumaisi. Wasomaji wetu wa Jeddah watafikiria Al-Shumaisi yao, ile iliyo kwenye njia ya zamani ya kwenda Makka, mahali pa Hudaibiya. Hii yetu ni mtaa wa Riyadh, wa zamani, wenye hospitali kubwa ambayo watu wazima bado wanaiita Hospitali ya Shumaisi ingawa jina lake rasmi leo ni King Saud Medical City. Jengo la mjomba ni la ghorofa, kuta ni nyembamba, na chini yake kuna familia yenye mtoto mchanga. Dramu za kawaida zisingemaliza dakika kumi kabla mlango haujagongwa. Hiyo ndiyo faida ya dramu za umeme: mpigaji anasikia kila kitu kwenye hedifoni, jirani anasikia vijiti vikigonga mpira tu. Na mguu pia, maana kishindo cha mguu hupita sakafuni. Kwa sababu hiyo mjomba alikuwa ametandika zulia nene chini ya seti nzima. Tafadhali likumbukeni zulia hilo.

Kwa wanachama ambao hawajawahi kukaa nyuma ya dramu, haihati ni matoazi mawili yanayotazamana juu ya stendi. La chini limetulia. La juu limebanwa kwenye fimbo ya chuma inayoshuka ukikanyaga. Upana wake wa kawaida ni inchi 14. Tulipoandika neno "haihati" kwenye kundi la klabu, mwenzetu mmoja alidhani tunazungumzia hati za ukaazi, akauliza ya nani imekwisha muda. Mwingine akapendekeza tuseme "matoazi ya mguu", na sisi tunalipenda. Toazi ni neno letu la siku nyingi, hata wasomaji wa Zaburi za Kiswahili wanalijua. Lakini mjomba anasema haihati, na dramu ni zake.

Chombo chenyewe kilizaliwa Marekani katika miaka ya 1920. Mwanzoni matoazi hayo yalikuwa chini kabisa, karibu na kifundo cha mguu, na yaliguswa na mguu tu. Baadaye fimbo ikarefushwa hadi mikono ikayafikia, na mambo yakabadilika. Katika miaka ya 1930 Jo Jones, mpigaji wa bendi ya Count Basie, aliihamishia haihati kazi ya kutunza mwendo ambayo zamani ilikuwa ya ngoma kubwa. Kwa upande wa Afrika, Tony Allen wa Lagos, aliyekuwa nguzo ya bendi ya Fela Kuti, alifahamika kwa mguu wake wa kushoto sawa na kwa mikono yake.

Ugumu wa haihati ni kwamba haina hali mbili tu, wazi na kufungwa. Ukibana sana, kijiti kinatoa sauti kavu, tik. Ukilegeza kidogo, matoazi yakawa yanagusana tu, yanakwaruzana, tsss. Nusu wazi ni sauti nene, ya hasira. Wazi kabisa ni tshaaa. Halafu kuna sauti mbili za mguu peke yake bila kijiti: kufunga kwa nguvu, chik, na kuyagonganisha kisha kuachia papo hapo, tsha. Kati ya tik na tsss hakuna zaidi ya milimita chache, na wakati mwingine hakuna umbali wowote, ni uzito wa mguu tu.

Sisi watu wa pwani tulikuwa na sauti hiyo ya juu kabla ya haihati kufika. Katika kidumbak cha Unguja, ngoma mbili ndogo na sanduku haziachwi peke yake. Pembeni kuna mkwasa, vijiti viwili vinavyogongwa, na cherewa inayotikiswa, na ukiziondoa hizo mbili hata anayecheza vizuri hupoteza mahali pa kuweka mguu. Haihati ilipoingia katika dansi ilikuta kiti chake kipo tayari.

Mdundo ambao mjomba alitaka kuupiga ni cavacha. Ulienezwa na Zaiko Langa Langa, bendi iliyoundwa Kinshasa mwaka 1969, na mpigaji wake Meridjo Belobi ndiye anayetajwa sana. Inasimuliwa kwamba aliutoa kwenye mlio wa garimoshi. Katika miaka ya 1970 ulishuka hadi Nairobi na kuingia katika rekodi nyingi za huko, na anayejua dansi ya mashariki mwa Afrika atautambua hata ukigongewa juu ya meza. Hupigwa kwenye sneya, ile ngoma yenye nyaya chini, au kwenye haihati. Haubadiliki sana, na hapo ndipo utamu wake ulipo: mkono unakimbia bila kuchoka na mguu unaupumulia, unafungua kidogo, unafunga.

Tulipiga hesabu ya huko "kufungua kidogo". Wimbo ukienda mapigo 130 kwa dakika, na kila pigo likagawanywa mara nne kama cavacha inavyotaka, kati ya kijiti kimoja na kinachofuata kuna kama milisekunde 115. Katika muda huo mguu unatakiwa uachie, toazi lilie, kisha mguu urudi na kulinyamazisha. Ukichelewa, tshaaa inamwagikia pigo linalofuata na mdundo mzima unaonekana umelewa. Hilo ndilo lililokuwa likimtokea mjomba.

Kwa nini? Kwanza ilitubidi tuelewe jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Ngoma nyingine za seti ya umeme ni rahisi kiasi. Chini ya ngozi kuna kipande cha piezo kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Kijiti kikigonga, kisanduku cha sauti kinasoma ukubwa wa mtikisiko na kutoa sauti inayolingana nao. Pigo ni tukio moja, limetokea limekwisha. Mguu hauko hivyo. Upo wakati wote, unapanda, unashuka, unatulia katikati, na kisanduku kinapaswa kuufuata bila kupumzika, kisha kijiti kikigonga kiamue papo hapo: sauti ipi kati ya zote zile?

Seti za bei ya chini kabisa zimekwepa swali hilo kwa kutumia swichi. Umekanyaga, imefungwa, hujakanyaga, iko wazi, katikati hakuna kitu. Nyingine zina kanyagio lenye mpira na kaboni ndani, ambalo ukilikandamiza zaidi ukinzani wa umeme unabadilika, na kisanduku kinakisia kutokana na hapo. Za bei ya juu huweka pedi kwenye stendi halisi ya haihati, ishuke na kupanda kama toazi, na kihisi kinapima umbali. Roland wanayo iitwayo VH-14D, ya inchi 14, inayozungumza na kisanduku kidijitali kwa waya wa USB. Bei yake sisi wanafunzi tuliisoma tukafunga ukurasa.

Umbali huo hugeuzwa kuwa namba. Vyombo vya umeme vimekuwa vikizungumza lugha iitwayo MIDI tangu mwaka 1983, na katika lugha hiyo kanyagio la haihati kwa kawaida hutumia ujumbe wa namba 4, wenye viwango kuanzia 0 hadi 127. Mwaka 1991 ulikuja mpangilio wa pamoja wa sauti, General MIDI, ukaipa haihati namba tatu: 42 iliyofungwa, 44 ya mguu, 46 iliyo wazi. Majina matatu kwa kitu kile tulichokieleza hapo juu! Ni kama kamusi yenye "ndiyo", "hapana" na "labda". Visanduku vya leo vina sauti nyingi zaidi ndani yake, lakini mtindo wa kufikiri kwa vyumba vitatu bado unasikika katika seti nyingi.

Kuna watu waliotuambia tatizo ni ucheleweshaji wa waya. Tulilipima wazo hilo kwa kalamu. Waya wa MIDI wa asili hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na ujumbe wa pigo moja una baiti tatu, ambazo pamoja na biti za kuanzia na kumalizia zinafika 30. Hiyo ni pungufu kidogo ya milisekunde moja. Hata milisekunde 10 ni muda ambao sauti hutumia kusafiri mita tatu na nusu hivi hewani, na hakuna gitaa katika bendi anayelalamika kwamba dramu iko mita tatu kutoka kwake. Waya hauna kosa kubwa. Hatari iko kwenye mpangilio wa matukio: kijiti kikigonga kabla kisanduku hakijasoma kwamba mguu umeshafunga, kitatoa sauti ya wazi, na hakiwezi kuirudisha.

Jumamosi moja baada ya Isha tulikwenda na kompyuta. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba. Mmeleta mnunuzi?" Hatukumjibu. Tuliunganisha kisanduku na kompyuta kwa waya, tukafungua programu ya bure inayoonyesha kila ujumbe wa MIDI unaopita. Katika seti hii 0 ni wazi na 127 ni kufungwa kabisa. Mjomba akakaa, akakanyaga hadi mwisho.

97.

Akakanyaga tena kwa nguvu zote, akashika kiti kwa mikono miwili. 98. Kisha mmoja wetu, mwenye miaka ishirini na anayecheza mpira kila Alhamisi, akakaa na kukanyaga. 97.

Hatuwezi kueleza furaha iliyoingia chumbani. Si mguu! Kisanduku kilikuwa kinaamini kwamba haihati haijawahi kufungwa, hivyo kilitoa sauti ya nusu wazi kila mara, kwa mtu yeyote. Tukatafuta sababu tukapata mbili. Ya kwanza ilikuwa lile zulia. Miguu ya stendi ilikuwa imezama ndani yake, na bati la kukanyagia lilikuwa linafika kwenye manyoya ya zulia kabla halijavuta fimbo hadi mwisho. Ya pili ilikuwa kibano kinachoshika pedi kwenye fimbo. Kilikuwa bado kimekazwa kwa urefu aliouchagua mwenye seti wa kwanza, na kisanduku hakikuwa kimeambiwa kwamba mwenye nyumba amebadilika.

Kwa wenye seti za aina hii, hivi ndivyo tulivyofanya. Tuliweka ubao mgumu juu ya zulia na stendi juu ya ubao, ikasimama wima. Tulilegeza kibano, tukaiacha pedi ilale yenyewe chini bila kukanyagwa, kisha tukaingia kwenye ukurasa wa marekebisho wa kisanduku ili kijue kwamba hapo ndipo panapoitwa "kufungwa". Halafu tukainua pedi kidogo na kukaza. Kazi nzima haikufika robo saa. Zulia lilibaki kwa ajili ya mtoto wa chini. Mjomba akakanyaga: 127. Akapiga cavacha, na tik ikawa tik.

Hapa tuna neno kwa wanachama wanaofikiria kununua. Matangazo hukuhesabia sauti, mia tano, elfu moja, na kukuonyesha ngozi za wavu. Wewe ukifika dukani nenda kwanza kwenye haihati. Piga kijiti mfululizo huku ukikanyaga polepole sana kutoka juu hadi chini, usikilize. Ukisikia sauti inateleza kutoka tshaaa hadi tik, endelea kuuliza bei. Ukisikia inaruka kama mtu anayeshuka ngazi tatu, ujue hizo sauti elfu hazitakusaidia.

Tungependa kuishia hapo. Lakini chik haikutoka.

Alipofunga kwa mguu peke yake, bila kijiti, mara nyingi hakukuwa na sauti yoyote. Sisi tukikaa, chik, chik, chik. Kisanduku hakina njia ya kusikia matoazi yakigongana, maana hakuna matoazi. Kinachofanya ni kulinganisha kipimo kimoja cha kanyagio na kinachofuata. Namba ikiruka haraka kuelekea 127, kinaelewa kwamba mguu umepiga, na kasi ya kuruka ndiyo inayoamua ukubwa wa sauti. Namba ikipanda taratibu, kinaelewa kwamba mtu amefunga kimyakimya, na kinanyamaza. Ile tsha ya kugonganisha na kuachia ni ngumu zaidi, maana inataka mguu ufike na kuondoka kabla kisanduku hakijaamua kwamba umetulia.

Mmoja wetu alikuwa ameziweka namba kwenye mchoro ili tuone. Tulikusudia kutafuta kosa jingine la kisanduku. Mstari mmoja ulipanda wima kama ukuta. Mwingine ulipanda kwa vidato, ukasita karibu na 60, ukaendelea.

Mjomba aliinama kwenye kioo. "Huu ulionyooka wa nani?"

"Wangu, mjomba."

"Na huu wa ngazi ngazi?"

Tulikaa kimya kidogo zaidi ya inavyopasa.

"Basi ndio mimi," akasema.

Ndipo alipotueleza. Ana kisukari, miaka kadhaa sasa, hilo tulilijua. Hatukujua kwamba vidole vya mguu wa kushoto vimekufa ganzi, kwamba mara mbili kandambili imemtoka barabarani na hakuhisi hadi mtu alipomwita. Hakumwambia dada yake, yaani mama wa mmoja wetu, kwa sababu "angefunga safari na ndoo ya dawa za mitishamba." Haihati ilipoanza kumkataa aliona ni uthibitisho wa jambo alilokuwa akilikimbia. Sisi tulikuja kuthibitisha kwamba ni chombo, na kwa nusu saa nzima tulikuwa sahihi.

Tulisoma baadaye, na mwanachama wetu anayesomea uuguzi akatueleza vizuri zaidi: sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na kwa kawaida iliyo mirefu huanza, ile inayofika vidoleni. Hisia hupungua, na misuli midogo ya mguu inaweza kudhoofika. Kidonda kinaweza kuanza bila mwenyewe kujua, ndiyo maana madaktari hutaka miguu ya mwenye kisukari ikaguliwe angalau mara moja kila mwaka. Mjomba hakuwa amekaguliwa hata mara moja. Hospitali anaiona kutoka dirishani kwake.

Usiku ule hakuzungumzia hospitali. Alizungumzia kisigino. Alikuwa amezoea kukanyaga kisigino kikiwa chini na kifundo kikifanya kazi yote, mtindo wa utulivu unaofaa kumbi za zamani ambako bendi hupiga hadi alfajiri. Sasa akainua kisigino, akaacha paja libebe mguu mzima na kuuangusha. Chik. Akacheka. Mchoro ukapanda karibu wima. Ilimchosha haraka, na ile tsha haikutoka kabisa, maana kuachia kunahitaji kifundo, lakini chik aliipata nane kati ya kumi, tulizihesabu. Akashusha pia kiwango cha wepesi wa kanyagio kwenye kisanduku ili kisidai kasi kubwa mno. Ajabu ni kwamba hili haihati halisi isingeweza kumpa. Matoazi ya shaba hayana ukurasa wa marekebisho.

Alikwenda kukaguliwa wiki iliyofuata. Matokeo ni yake na hatutayaandika. Ametupa ruhusa ya kuandika mengine yote, kwa sharti kwamba dada yake asomewe kabla gazeti halijachapwa. Amesomewa. Safari ameifunga, ndoo ameiacha.

Seti haiuzwi. Usiku wa Kiswahili utakuwa na nyimbo mbili badala ya tatu ili apumzishe paja katikati. Na ile tsha inayokosekana, mjomba ameigawa kwa mwanachama wa mwaka wa kwanza ambaye atakaa kushotoni kwake na cherewa, aitikise kila anapotazamwa.